Rozela mwekundu kwa mama wa Walukuba

"Daktari, salamu kutoka Jinja. Mimi ni mkunga mstaafu wa miaka 63, nakaa Walukuba. Mzee wangu alitangulia mwaka juzi, watoto wako Kampala na Juba, na mjukuu wangu wa miaka minane huja kila likizo. Nyumba imekuwa kimya mno. Kijana mmoja wa Kampala anauza kasuku wa kigeni aitwaye rozela mwekundu. Anasema ana miezi mitatu, amelishwa kwa mkono tangu akiwa kinda, na ataongea kama kasuku wetu wa kijivu. Nimekutumia picha. Nina baraza ya nyuma iliyozungushiwa wavu, urefu wake hatua tano. Je, ndege huyu atanifaa awe mwenzangu nyumbani?"

Mama, pole sana kwa kuondokewa na mzee, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kutoa pesa. Wengi hunijia ndege akiwa tayari yumo ndani ya boksi, ameshamng'ata mtoto, nami nabaki na kazi ya kumtafutia nyumba ya pili.

Kwa ulivyonieleza, ndege huyu hatakupa kile unachokitafuta. Kuna kitu kingine anachoweza kukupa, na ni kizuri, lakini sicho alichokuahidi kijana huyo.

Nimeitazama picha yako kwa muda mrefu, nimeikuza mpaka nikaona unyoya mmojammoja. Ni rozela mwekundu kweli, wala hajapakwa rangi. Kichwa na kifua vimeiva kama pilipili, mashavu ni ya buluu, manyoya ya mgongo ni meusi na kila moja lina ukingo mwekundu, mkia ni mrefu wa buluu. Tatizo ni huo uzuri wenyewe. Kinda wa rozela mwekundu wa miezi mitatu kwa kawaida ni wa kijani. Ana wekundu kidogo kwenye paji la uso, kooni na chini ya mkia, na mashavu tayari ni ya buluu, lakini sehemu kubwa ya mwili wake ni kijani cha majani yaliyofifia. Wekundu huja kwa mabaka, unyoya baada ya unyoya, na mara nyingi hutimia akiwa na miezi kama 16. Lipo tawi moja la jamii hii, la kaskazini mwa Queensland huko Australia, ambalo makinda yake huwa mekundu mapema, kwa hiyo simwiti kijana wa watu mwongo. Ila ningekuwa mimi, ningehesabu kwamba ndege wa pichani ana mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Kwa nini nakaza hapo? Kwa sababu umri wa rozela ndio unaosema tabia yake. Kinda aliyelishwa kwa bomba la sindano huwa mpole kwelikweli: anapanda kidole, anakula kiganjani, analala begani. Muuzaji humwonyesha katika miezi hiyo, na mnunuzi hudhani ndivyo atakavyokuwa siku zote. Karibu na kutimiza mwaka, au baada yake kidogo, mwili wake unamwambia kwamba sasa ni mtu mzima mwenye eneo lake la kulinda. Hapo wengi wao, hata waliolelewa kwa upendo wote, huanza kujitenga na mkono. Kwa hiyo rozela mzima ambaye bado anapanda mkononi mwa mtu ni wa thamani kuliko kinda, maana umeshamwona alivyo. Rozela mzima anayeuzwa kwa jina la kinda ni jambo la kuuliziwa maswali.

Nikueleze ni ndege wa namna gani, maana hapa kwetu ni mgeni. Rozela wote asili yao ni Australia na visiwa vyake vya jirani. Jina lenyewe husimuliwa kwamba lilitoka Rose Hill, upande wa Parramatta karibu na Sydney, ambako walowezi wa kwanza waliwaona kwa wingi. Wako wa aina sita. Wanaofugwa zaidi duniani ni huyu mwekundu na yule wa mashariki mwenye kichwa chekundu na mashavu meupe. Mwekundu ana urefu wa kama sentimita 36, na karibu nusu yake ni mkia. Ukimshika ni mwepesi, gramu mia na kitu, ingawa kwa macho ungedhani ni mzito zaidi.

Sasa mlinganishe na kasuku wetu wa kijivu, yule Waganda wanayemwita enkusu. Kijivu ni ndege wa umati. Jioni pale Entebbe unawasikia wakipita juu ya bustani ya mimea wakipiga miluzi, kila mmoja akimjibu mwenziwe, na usiku hulala wengi pamoja. Maisha yake yote ni kuongea na wenzake. Ndiyo maana akikaa na watu huokota maneno yetu: anatafuta kuwa mmoja wa kundi. Rozela maisha yake ni tofauti. Anaishi na mke wake, au na kikundi kidogo, na msimu wa kuzaa ukifika analinda tundu lake ndani ya mti kama mtu alindavyo shamba lililoiva. Hata na mwenzi wake hana mazoea makubwa ya kuchanana manyoya, kama wafanyavyo wale kasuku wadogo wa jozi tunaowaita lavubadi. Ndege ambaye hata mwenziwe hamkuni shingo, wewe utamzoeza vipi umkune?

Nayasema haya kwa kuwa niliyaishi. Nilipokuwa Entebbe nilifuga dume mmoja wa rozela wa mashariki kwa miaka tisa. Nilimpenda, na ninaamini alinitambua kati ya watu wote wa nyumba ile. Asubuhi nikiingia na bakuli la mbegu alikuwa ananyoosha mabega, anautandaza mkia kama pepeo la ukili, kisha anautikisa kushoto na kulia haraka haraka huku akigugumia kooni. Hiyo ndiyo salamu yake, na ndiyo hiyo hiyo anayompa jike na adui. Alichukua mbegu za alizeti vidoleni mwangu moja moja, kwa adabu, akiigeuza mbegu kwa ulimi mpaka ganda likadondoka. Lakini miaka tisa yote hakuniruhusu nimguse kichwa hata mara moja. Nikinyoosha kidole kupita kiwango chake, alikuwa ananyanyua shingo, mboni ya jicho inakaza, na nisipoelewa ananing'ata mpaka damu inatoka.

Na kuna siku nilifanya kosa ambalo linaniuma mpaka leo. Nilimwonea huruma kwamba yuko peke yake, nikamtilia kokateli jike ndani ya tundu lake. Kokateli ni yule kasuku wa kijivu mdogo mwenye kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa, mpole kupita kiasi. Niliwatazama kwa dakika kumi, nikaona wametulia kila mmoja kwenye kijiti chake, nikaenda jikoni kumimina chai. Niliporudi, kokateli alikuwa chini pembeni, vidole viwili vya mguu vimekatwa, na rozela amesimama juu yake kwenye kijiti akipiga mluzi. Yule jike alipona, ila alibaki kilema. Dume hakuwa na ubaya wowote, alilinda mahali pake. Mbaya nilikuwa mimi niliyejua vitabuni kwamba rozela hachanganywi na ndege wengine, nikadhani wangu atakuwa tofauti. Kwa hiyo mama, ikiwa utamchukua, usimwekee ndege mwingine ndani ya wavu huo huo, na hata rozela mwenzake asiingizwe siku moja bila kujuana kwanza kupitia waya.

Kuhusu kuongea, hapo kijana ameongeza chumvi. Wapo rozela waliojifunza neno moja au matatu, kwa sauti nyembamba ya mbali. Kuongea kama kijivu, hapana. Kipaji chake ni mluzi. Wangu alijifunza honi ya baiskeli ya muuza mikate aliyepita mtaani, akaipiga vizuri hata majirani wakawa wanatoka na sarafu mkononi. Ukimpigia wimbo mfupi kila siku saa ile ile, ataushika, na baadaye atauchanganya na mlio wake mwenyewe, ule kama kengele ndogo, mpaka utokee wimbo wa tatu. Sauti yake ni tamu na haiwasumbui majirani kama baadhi ya kasuku wakubwa, ingawa akishtuka hupiga ukelele mkali. Ikiwa tatizo la nyumba yako ni kimya tu, hilo analiondoa.

Lakini wewe hukusema kimya tu, ulisema mwenzako. Na una mjukuu wa miaka minane, ambaye kwa hakika atataka kumshika. Mdomo wa rozela hauvunji mfupa, ila unapasua ngozi ya mtoto, na mtoto aliyeumwa na ndege siku ya kwanza ya likizo atamchukia, na ndege aliyepigiwa kelele atamwogopa mtoto. Nimeliona hilo katika nyumba nyingi.

Hiyo baraza yako nimeipenda. Hatua tano ni kama mita tatu na nusu, na rozela anahitaji urefu zaidi ya kimo, maana huruka kwa mstari, si kwa kupanda. Matundu madogo ya duara yanayouzwa pamoja na ndege hayamfai hata kwa mwezi: mkia unasuguliwa na waya, anachoka, ananenepa, anaanza kujing'oa manyoya. Ukiwa na wavu mpya wa mabati, usugue kwa brashi na siki, uache mvua iuoshe kwa muda kabla ya ndege kuingia, kwa sababu ile zinki inayong'aa juu yake ni sumu anapoitafuna, naye atatafuna. Atatafuna kila kitu. Mbao za fremu zilizo ndani ziwekewe waya juu yake, la sivyo baada ya miezi sita utakuta fremu imeliwa. Milango iwe miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ili ukiingia na bakuli asikupite kichwani. Sehemu ya paa iachwe wazi kwenye wavu mtupu. Utanishukuru kwa hilo mvua za Aprili zikianza, kwani rozela akioga mvua hujitandaza mabawa yote mawili, ananing'inia kichwa chini, analowa mpaka anaonekana nusu ya ukubwa wake, kisha anakaa nusu saa akijipanga unyoya mmoja mmoja. Sijui ndege mwingine anayefurahia maji kama yeye. Wakati wa kiangazi mwekee beseni pana lisilo na kina.

Usiku ndio wenye hatari, na hapa nazungumzia siafu. Vitabu vya Ulaya haviwataji. Mteja wangu mmoja wa Mukono alifunga ndege wake vizuri, paka hawezi kupita, nyoka hawezi kupita, na asubuhi akakuta manyoya na mifupa. Siafu walipita kwa miguu ya meza. Ndege aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Miguu ya tundu au nguzo za ndani zisimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta machafu kidogo juu yake, majani yaliyogusa wavu yakatwe, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi toka na tochi uangalie. Ukiwasikia kuku wa jirani wakilia usiku wa manane, amka.

Jambo la pili ni sigiri. Najua Walukuba watu wengi hupikia nyuma, kwenye baraza. Mapafu ya ndege yamejengwa tofauti na yetu, hewa hupita ndani yake mfululizo kwa msaada wa mifuko ya hewa, kwa hiyo moshi unaokukohoza wewe unamuua yeye. Mkaa, mafuta ya taa, dawa ya mbu ya kuwasha, vyote vihamishwe upande mwingine wa nyumba. Na kama mtoto wako alikuletea kikaango cha Teflon, kikiachwa motoni kikiwa kitupu mpaka kikaungua hutoa mvuke usio na harufu kali kwako, ila ndege aliye chumba cha pili anaanguka ndani ya dakika.

Chakula hakina shida Uganda. Ulezi na mtama ndio msingi, alizeti kidogo tu kwa sababu ina mafuta mengi naye anaipenda kupita kiasi. Kila asubuhi majani: dodo, nakati, sukuma wiki, na karoti kwa ajili ya vitamini A. Papai, mapera, mahindi mabichi, vichwa vya nyasi vilivyojaa mbegu, ambavyo mjukuu anaweza kumchumia. Ganda la yai lililochemshwa na kusagwa kwa ajili ya chokaa. Usimpe parachichi hata kipande, na huu ni mtihani kwa nyumba ya Jinja ambako ovakado zinaanguka uani, kwani kwa jamii ya kasuku ni sumu inayoshika moyo. Chokoleti, chumvi, kahawa na pombe vivyo hivyo.

Na mkatie matawi ya kalitusi. Hili napenda kulisema kwa kila anayefuga ndege wa Australia hapa kwetu. Miti ile tunayoichukulia kuwa ya kwetu, tunayoijengea na kuichomea matofali, asili yake ni huko huko alikotoka rozela. Ndege huyu wa pichani kwa hakika hajawahi kuiona Australia. Nchi hiyo hairuhusu ndege wake wa porini wauzwe nje kibiashara, kwa hiyo wanaozunguka sokoni ni vizazi vilivyozaliwa matunduni, Ulaya au Afrika Kusini na kwingineko. Hata hivyo mpe tawi bichi la kalitusi, lenye majani na vijungu vya mbegu. Wangu alikuwa anasimama kwanza, anaugusa kwa ulimi kuuonja, kisha anaanza kumenya gome kwa utaratibu kutoka ncha hadi shina, na chumba kizima kinanukia. Hakuna aliyemfundisha. Tawi likatwe mahali pasipopuliziwa dawa, lioshwe, libadilishwe kila wiki.

Kwa vile rozela hupenda kushuka chini na kuchakura, minyoo humwandama kuliko kasuku wengi wengine. Sakafu ya saruji inayooshwa ni bora kuliko udongo. Chukua kinyesi kibichi mara mbili kwa mwaka kikapimwe, usimpe dawa ya minyoo ya kuku kwa kukisia kipimo, kwa sababu gramu mia na thelathini hazina nafasi ya kosa. Kuku wa jirani wasifike kwenye wavu, wana kideri, na kideri hakibagui ndege. Wewe mwenyewe, kwa kuwa ni mkunga utanielewa haraka: ipo homa ya kasuku, bakteria inayokaa kwenye vumbi la kinyesi kilichokauka. Ukipata homa, kichwa kikali na kikohozi kikavu, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambie daktari kwamba unafuga kasuku. Inatibika vizuri kwa doksisaikilini, ikijulikana. Lowesha sakafu kabla ya kufagia.

Sasa karatasi. Karibu kasuku wote duniani, rozela akiwemo, wamo kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini kuvuka mipaka. Aliyezaliwa tunduni anaruhusiwa kuuzwa, ila lazima awe ameingia kwa kibali, na kwa cheti cha afya kilichokubaliwa na idara ya mifugo ya Wizara ya Kilimo. Mwombe kijana akuonyeshe nakala. Mtazame ndege mguuni: ndege wa mfugaji makini huvishwa pete isiyo na mshono akiwa kinda wa siku chache, na mguu ukishakua pete hiyo haivuki tena. Kwenye pete mara nyingi kuna mwaka wa kuzaliwa, na hapo swali letu la miezi mitatu linaisha lenyewe. Asipokuwa na pete wala karatasi, piga simu ofisi za UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, uulize kabla ya kwenda mbele.

Ukiona rozela ana masharti mengi, tafadhali usigeukie enkusu wa kununua uchochoroni. Najua wataletwa mlangoni kwako, bei nafuu, ndani ya mfuko wa gunia. Kijivu amepewa ulinzi wa juu kabisa wa mkataba huo tangu Januari 2017, kwa sababu misitu ilikuwa inaachwa mitupu, na sheria yetu ya wanyamapori ya 2019 ni kali kwa anayemweka bila kibali. Zaidi ya sheria, nimewapokea waliotegwa kwa ulimbo. Manyoya ya mabawa yameng'olewa, kifua kimebaki mfupa, na anatetemeka mtu akipita tu. Wengi hawakufika wiki ya pili mikononi mwangu. Ukitaka mjukuu amwone kijivu, mpeleke Entebbe, kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori ambacho sisi wakubwa bado tunakiita zuu, kisha mtembee bustani ya mimea jioni muwatazame walio huru.

Kuna jambo moja nimeliacha hadi hapa kwa kuwa si rahisi kulisema. Rozela anayetunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, wengine zaidi. Uko na 63, na Mungu akupe umri mrefu. Lakini kabla ya kumleta, kaa na watoto wako mmoja wao aseme wazi kwamba ndege huyu atamchukua siku utakapolazwa, au utakaposafiri Juba miezi miwili. Wewe umewapokea watoto wengi duniani, unajua kwamba kiumbe hakiletwi nyumbani kabla ya kujulikana nani atakipokea.

Nirudi kwenye swali lako sasa. Ukiniambia, "Daktari, nataka kukaa barazani na chai yangu, nimtazame ndege mzuri akioga mvua, nimpigie mluzi anijibu, na sina haja ya kumshika," nitakwambia mchukue, hata wawili kama ni dume na jike waliokwisha zoeana, na baraza yako inatosha jozi moja. Wawili watakuwa na furaha kuliko mmoja, na watakusahau kidogo. Mmoja atakukumbuka zaidi, ila atahitaji saa nyingi za uwepo wako kila siku, na hata hapo kwa masharti yake.

Ukiniambia unataka wa kukaa begani ukisoma, wa kuinamisha kichwa umkune, ambaye mjukuu atamlisha bila kilio, basi tafuta kokateli mchanga aliyelishwa kwa mkono. Naye ni wa Australia, ana gramu kama 90, anaishi miaka 15 na zaidi, anapiga mluzi vizuri hasa dume, na hayumo kwenye orodha za CITES, kwa hiyo karatasi zake ni chache. Ana vumbi la manyoya, basi. Ukiwa na pumu ningesita. Wapo wanaowazalisha hapa hapa Kampala. Nikisoma barua yako, mama, namwona kokateli, simwoni rozela.

Hata hivyo usinunue kwa neno langu peke yake. Nenda Kampala, uende na mjukuu likizo hii. Usimwambie kijana kitu, kaa kwenye kiti mbele ya tundu kwa saa nzima, ukimya, mikono mapajani. Dakika za mwanzo ndege yeyote atakuwa amejibana nyuma, usimhukumu kwa hilo. Tazama anasimama wapi baada ya nusu saa: akisogea upande wako, akaanza kula au kujipanga manyoya mbele yako, huyo anaweza kuishi na wewe. Akibaki kona ya juu amejikunyata, amevimbisha manyoya, kinyesi ni cha maji, ni mgonjwa au ana hofu, muache. Kisha mwombe muuzaji mwenyewe atie mkono wake mtupu ndani. Akitafuta taulo au glavu, umeshajibiwa. Akitia mkono na ndege akapanda, mwombe afanye mara ya pili, halafu na wewe unyooshe kidole chako, taratibu, kwa usawa wa kifua chake, umngoje yeye aamue.

Ukishatoka hapo niandikie uliyoyaona, pamoja na namba zilizo kwenye pete ya mguuni kama ipo.